Yasinta, Fundi wa Vilinge

Nikikwambia kwamba rafiki yangu Yasinta ana mafuvu ya watu juu ya kabati la nguo, usikimbilie kwa mwenyekiti wa mtaa. Wenzako walishakimbia. Mwenyekiti akaja na watu wake, akapanda kwenye stuli, akalishika fuvu moja, kidole kikazama ndani. Ni magazeti. Magazeti ya zamani yaliyolowekwa, yakatwangwa kwenye kinu, yakakandwa na uji wa muhogo, yakaanikwa mpaka yakakauka, kisha yakapakwa rangi. Mume wake, Nathan, anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na kila siku analala chini ya mafuvu hayo akikoroma bila wasiwasi wowote.

Yasinta ni fundi wa vilinge. Hapa Singida Mjini tuna vijana wanaotengeneza filamu, na katika filamu zao lazima mtu aende kwa mganga. Mke anakwenda kwa mganga ili mume asitoke nje. Mwenye duka anakwenda ili wateja wajae. Hata filamu ya mapenzi ya wanafunzi, ukisubiri kidogo, utaona mtu anavua viatu mbele ya mzee mwenye kaniki. Sasa mganga wa filamu hawezi kukaa kwenye sofa. Anataka kilinge, na kilinge kinataka fundi. Mimi ni Joyce, nawashonea wachezaji nguo na kuwapaka rangi za uso, kwa hiyo kazi ya Yasinta nimeiona kwa karibu kuliko hata mumewe.

Na ni kazi, msidanganyane. Pembe anazifuata machinjioni, anazichemsha na kuzisugua mwenyewe mpaka harufu itoke. Vibuyu anavichagua kimoja kimoja kwa akina mama wa mnadani, wanaodhani anataka kuwekea maziwa. Ana chatu aliyemshona kwa mipira ya baiskeli iliyochakaa, na siku ya kwanza kumtumia, mchezaji wetu mkuu alitoka mbio mpaka barabarani, tukamrudisha kwa kumbembeleza. Mpe Yasinta chumba kitupu asubuhi, jioni utaogopa kukiingia. Mimi najua kila kitu kilichomo kimetoka wapi, na bado naogopa.

Kinachochekesha ni kwamba Yasinta alizaliwa kwa mganga wa kweli. Baba yake, marehemu Mzee Mazengo, alijulikana sana upande wa Itigi, watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata. Mara ya kwanza nilipomuuliza kilinge cha baba yake kilikuwaje, nilijiandaa kusikia mambo. Nikavuta na kigoda.

"Chungu," akaniambia.

"Chungu na nini?"

"Chungu cha maji na kata. Mlangoni. Basi."

Nilikasirika, nikadhani ananificha. Haikuwa hivyo. Mzee Mazengo alikuwa na dawa zake za mizizi kama wengine, na mwenye homa kali alimfukuza aende hospitali bila hata kumpa pa kukaa. Lakini waliokuja kwa sababu ya ugomvi, wivu, na yale mambo ya "nani kaniroga", aliwakalisha chini mlangoni pake, kwenye chungu. Kila mmoja alilisema neno alilokuwa nalo moyoni, lote, mbele ya yule aliyemkasirikia. Akimaliza anachota maji kwa kata, anasukutua, anayatema nje upande wa magharibi, kisha anakunywa. Mzee alikaa tu. Hakuwa na kioo cha kuonyesha adui na hakutaja jina la mtu hata mara moja. Alikuwa na msemo wake: mganga akitaja jina, kaburi limeshachimbwa. Na sheria moja aliishika kwa ukali. Chungu kikishawekwa mlangoni, aliyekiweka hana ruhusa ya kuondoka mpaka waliokuja wamemaliza.

Yasinta hakuurithi uganga. Ni Mkatoliki wa kutosha, jumuiya haimpiti, na akina mama wa jumuiya wameshamwekea kikao kuhusu yale mafuvu. Aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akawauliza Ijumaa Kuu ile mijeledi na taji la miiba vya maigizo ya parokia huwa vinatengenezwa na nani. Wakakumbuka kwamba vinatengenezwa na yeye. Kikao kikafungwa kwa sala.

Mwaka huu, baada ya mavuno, tulikwenda kupiga filamu kijiji kimoja upande wa Ikungi. Jina la kijiji sitalitaja kwa sababu watu wake bado wanaishi pale na hawakuniomba niwatangaze. Muongozaji alikuwa Leonard, kijana mwenye akili nyingi na masikio machache. Alikuwa amepata tembe moja kuukuu, nje kidogo ya kijiji, chini ya yale mawe yetu makubwa, wenyewe wamehama siku nyingi. Paa la udongo limeshuka upande mmoja, ndani giza hata saa sita mchana. Leonard alifurahi kama amepewa ikulu.

"Mama Selina," akamwambia Yasinta, kwa jina la mwanawe wa kwanza, "safari hii nataka uhalisia. Nataka kitu cha kweli kabisa."

"Cha kweli?"

"Cha kweli kabisa, mama yangu."

Yasinta akaingia kazini. Akatundika vitambaa vyekundu na vyeusi, akapanga mafuvu, akamviringisha chatu kwenye nguzo, akaweka kioo kikubwa mahali ambapo mganga angemwonyesha mteja adui yake. Vyote vile ni vya filamu, na aliviweka kama filamu inavyotaka, maana watu kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu, wasipoona fuvu wanadai walipe nusu. Kisha, kwa sababu aliombwa kitu cha kweli na yeye ni mtu wa kutimiza alichoombwa, akatafuta chungu, akakijaza maji, akaweka kata juu yake, akakiweka mlangoni. Leonard alikiruka akiingia, hakukiona hata kidogo. Nadhani siku ile Yasinta alikuwa anajifurahisha moyo tu, kama mtu anayeimba wimbo wa mama yake akifua.

Lakini wachungaji wa ng'ombe walikiona, na habari ikafika kijijini. Kesho yake tulipofika asubuhi, pembeni ya chungu palikuwa na unga wa uwele kwenye jani. Siku iliyofuata tulimkuta mzee mmoja ameketi hapo na bakora yake. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza mwenye chungu atakuja saa ngapi. Leonard akacheka. Yasinta hakucheka. Alikaa na yule mzee hadi mzee akamaliza habari ya mpaka wa shamba na mdogo wake, akamwambia arudi na mdogo wake waseme wote wawili. Aliporudi ndani nilimwona amebadilika rangi.

"Kiondoe," nikamwambia. "Mwaga maji, yaishe."

"Sasa wameshaanza kuja, Joyce. Ningekiondoa kabla."

"Wewe si mganga."

"Najua mimi si mganga. Ila nimeweka chungu."

Nilimjibu vibaya kidogo. Mimi nilikuwa nawaza jumuiya, nawaza mwenyekiti na kidole chake, nawaza maneno yatakayomfuata mjini. Wanawake wangapi tunawajua walioanza kuitwa wachawi kwa jambo dogo kuliko hilo? Yeye pia aliyawaza hayo, sidhani kama ni mjinga. Alikwenda kuongeza maji.

Walikuja alasiri, tukiwa katikati ya kupiga picha. Chediel, mwigizaji wetu wa uganga, alikuwa amekaa mahali pake na kaniki, shanga, usinga mkononi na uso niliompaka mwenyewe nusu mweupe. Kwa kawaida Chediel anauza spea za baiskeli karibu na stendi. Mungu amempa sauti nzito inayotoka kama kisimani, na watu wengi wamemheshimu bure kwa sababu ya sauti hiyo. Basi, alikuwa ndiyo ameanza kunguruma mbele ya kioo, mara mlango ukajaa watu.

Walikuwa wanaume kadhaa wa ukoo mmoja, wenye fimbo. Mbele alikuwa Philipo, mkulima wa vitunguu, mtu wa kama miaka arobaini, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Nyuma yake mkewe Emiliana, amejifunga kitenge cha msiba. Na katikati yao walikuwa na mama mtu mzima, mwembamba, ameshikwa mkono. Huyo ni Anastazia, mjane wa baba mkubwa wa Philipo, mama mkubwa wao wote. Mmoja wa wale wanaume alikuwa amebeba furushi lililofungwa kwa kamba, na mpini wa jembe unatokeza. Lilikuwa furushi la yule mama. Walikuwa wamemfungia vitu vyake kabisa, ili wakitoka hapo asirudi kijijini.

"Mtaalamu," Philipo akamwambia Chediel, bila hata kutuangalia sisi, "mwanangu wa mwisho amekufa kwa homa. Kabla hajafa, huyu mama alisema mbele yangu, 'Mtamzika.' Na kweli tumemzika. Alijuaje? Tunataka utuambie kwenye kioo chako. Ukisema ni yeye, anaondoka leo. Hatutamfanya kitu kingine." Alipofika kwenye hilo la mwisho, nilimwona mmoja wa wenzake anaangalia pembeni, na sikulipenda lile jicho.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angesema, jamani, mimi nauza spea. Chediel akamtazama Leonard. Na Leonard, Mungu amsamehe maana mimi bado, alimwashiria mpiga picha aendelee kurekodi, akamfanyia Chediel ishara ya mkono: endelea. Alitaka uhalisia, ukawa umemjia na miguu yake.

Chediel akageukia kioo. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Maneno yale ameyasema kwenye filamu nyingi, yanamtoka kama mtu anavyosema "poa". Akatikisa usinga, akaguna. "Naona," akasema kwa ile sauti ya kisimani. "Naona mtu. Ni mwanamke. Ni mtu wa karibu..."

Emiliana akalia kwa nguvu. Mwanaume mwenye furushi akalitua chini. Ndugu zangu, nimeogopa mara nyingi, lakini siku ile niliogopa kuliko zote, maana niliona wazi kwamba rangi yangu ya uso na mafuvu yetu ya magazeti yanakwenda kumwondoa mtu duniani.

Yasinta alikuwa pembeni ameshika nyundo na misumari. Alipita mbele ya kamera, akang'oa kile kitambaa chekundu ukutani, akaifunika kamera nacho. Kisha akachukua fuvu kubwa kuliko yote, lile lililomchukua wiki nzima kulitengeneza, analolipenda, akalipasua kwa nyundo mbele ya Philipo. Likafunguka. Ndani, kwenye gazeti alilolishindilia likiwa zima, ukaonekana ukurasa wa michezo, mchezaji wa mpira ameinua mikono.

"Hili ni gazeti," akasema. "Nimelitengeneza mimi. Yule nyoka ni mipira ya baiskeli. Na huyu hapa anaitwa Chediel, anauza spea pale stendi. Chediel, waambie."

"Ni kweli," Chediel akasema kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nauza spea. Naomba mnisamehe."

"Mnatuchezea?" Philipo akafoka. Alimsogelea Yasinta mpaka fimbo ikamgusa bega. "Tumefiwa, ninyi mnatuchezea?"

"Hivi vyote ni vya kuchezea," Yasinta akasema, hakurudi nyuma hata hatua moja. "Kasoro kimoja. Kile chungu mlangoni ni cha kweli, nimekiweka mimi, na mimi ni binti wa Mazengo. Mnaotaka jina, hapa hakuna jina. Mnaotaka kusema neno, njooni mkae."

Akatoka nje akakaa chini, miguu ameikunja, kata mkononi. Hakugeuka kutazama kama wanamfuata.

Wa kwanza kusogea alikuwa yule mama. Aliutoa mkono wake kwa aliyeushika, akaenda akakaa upande wa pili wa chungu. "Nilisikia kuna chungu," akasema. "Ndiyo maana nilikubali kuja. Kwa kioo nisingekuja, wangenibeba."

Basi na wengine wakakaa, mmoja mmoja, wakinung'unika. Hata Leonard alikaa. Yasinta akampa kata mwanaume wa kwanza. Yule akasema lake: kwamba tangu msiba ng'ombe wake hawatoi maziwa na ana hofu. Akasukutua, akatema, akanywa. Wa pili akasema hana neno ila amekuja kwa sababu ndugu wameitana, na akaona aibu kidogo baada ya kulisema. Emiliana akasema, "Nataka kujua aliyemuua mwanangu. Nikimjua nitalala." Akashindwa kunywa, maji yakamwagikia kitenge.

Kata ikafika kwa Anastazia. Aliishika kwa mikono miwili. Sote tulimgeukia, maana tulijua huyu ndiye mwenye kesi, na neno lake ndilo la kumrudisha nyumbani au kumwondoa.

"Neno langu analo Philipo," akasema. "Akitaka atalisema yeye. Asipotaka, nipeni furushi langu niende."

Akairudisha kata kwa Yasinta.

Leonard akamnong'oneza Yasinta, "Mwambie ajitetee! Mwambie aseme!" Yasinta alimtazama mara moja, akanyamaza. Hapo ndipo nilipomwelewa rafiki yangu, na nampenda kwa hilo mpaka leo. Mimi ningesema kitu. Ningembembeleza yule mama, ningemfokea Philipo, ningetoa hotuba nzima. Yeye aliijaza kata, akaielekeza kwa Philipo, akaishika hivyo hivyo mkono umenyooka. Ile kata ni nzito ikijaa. Baada ya muda niliuona mkono unatetemeka, maji yanamwagika kidogo kidogo, na hakuushusha. Alimsubiri tu.

Philipo aliangalia chini. Akawaangalia ndugu zake. Alijitahidi sana asimwangalie mkewe.

"Hakusema 'mtamzika' tu," akasema mwishoni.

Kisha akaendelea.

"Alikuja nyumbani asubuhi, Emiliana alikuwa amekwenda kisimani. Akamshika mtoto paji la uso. Akaniambia, 'Philipo, mpeleke zahanati leo. Leo leo, acha kila kitu. Asipopelekwa leo mtamzika.' Lori la vitunguu lilikuwa limeshafika shambani. Nikamwambia nitampeleka nikimaliza kupakia. Nilimaliza kesho yake." Akapangusa pua kwa mkono. "Mama Mkubwa aliniambia nimpeleke. Mimi ndiye sikumpeleka. Na hakumwambia mtu. Nimemwita mchawi kijiji kizima, na hakumwambia mtu."

Aliichukua kata. Alisukutua, akatema upande wa magharibi, lakini kunywa hakunywa, aliinamia magoti yake akalia kwa sauti kubwa kama mtoto. Ndugu zake walikaa kama waliomwagiwa maji ya baridi. Yule aliyebeba furushi alianza kuifungua ile kamba, akiona haya, mafundo yanamshinda.

Emiliana aliinuka. Wanaume wawili wakainuka haraka kumzuia, wakidhani anamwendea mumewe. Hata mimi nilidhani hivyo, na nisingemlaumu. Alimpita Philipo bila kumtazama. Akaenda mpaka mbele ya Anastazia, akapiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake cha msiba. Tangu siku ya mazishi hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa anamwamkia mama yule. Walikutana naye njiani wakampita kama mti.

"Shikamoo, Mama," Emiliana akasema.

Anastazia hakuitikia. Alimtazama binti yule muda mrefu, midomo inacheza, na sisi wote tukawa tunamtazama yeye. Ilikuwa haki yake kukaa kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akanyoosha mkono, akaushika uso wa Emiliana, akaanza kumfuta vumbi na machozi kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyofutwa mtoto kabla ya kupelekwa mbele za watu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba. Sasa njoo ulie hapa."